Nakala Isiyofunguka

Nthenya na mumewe Khamala wana zahanati ndogo huko Kabiro, Kawangware. Nthenya ni muuguzi. Khamala hupokea wagonjwa na kutunza kompyuta. Kila mtoto aliyetibiwa pale aliandikwa humo: umri, chanjo, na dawa zinazomdhuru.

Kila Ijumaa asubuhi Khamala alinakili kumbukumbu hizo kwenye diski ya nje. Foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo Nthenya aliendelea kuandika wagonjwa huku nakala ikitengenezwa. Hawakuona ubaya.

Mwezi wa Mei diski ya kompyuta iliharibika. Khamala aliweka mpya, akarudisha nakala. Haikufunguka. Akajaribu ya wiki iliyotangulia, kisha ya kabla yake. Zote zilikataa. Kumbukumbu za miaka sita zilikuwa zimepotea. Siku hiyo hakula.

Wiki mbili baadaye, Shosho Wangeci alimleta mjukuu wake Kabiru, ana homa na kifua kinambana. Nthenya aliuliza kama kuna dawa inayomdhuru. Shosho hakujua. Aliyejua ni mama wa mtoto, naye walimzika mwaka jana.

Nthenya akamdunga penisilini. Punde uso wa Kabiru ukavimba, akashindwa kupumua. Nthenya alimdunga dawa ya dharura, wakamkimbiza hospitali. Alilazwa siku nne ndipo akapona.

"Niliandika mimi mwenyewe," Nthenya alimwambia mumewe. "Mama yake aliniambia, nikaandika. Nimekumbuka nilipoona uso unavimba."



Khamala alimwita binamu yake Nasike, anayetunza kompyuta za shirika moja Sarang'ombe, Kibera. Nasike alihangaika na zile nakala siku mbili. Mwishowe akasema haziwezi kurudi.

"Ulinakili Nthenya akiandika," alieleza. "Kazi ilichukua nusu saa. Mwanzo wa faili ni wa saa nne, mwisho ni wa saa nne na nusu. Sehemu hizo hazipatani."

"Kwa hivyo nifunge zahanati ndio ninakili?"

"Hapana. Simamisha uandishi sekunde chache tu. Kompyuta itapiga picha ya diski yote vile iko wakati huo. Tunaiita snapshoti. Nthenya aendelee na kazi, wewe unakili hiyo picha. Picha haibadiliki."

Aliwaonya kwamba picha hukaa ndani ya diski ileile; diski ikifa, nayo imekufa. Lazima inakiliwe kwenye diski nyingine, ihifadhiwe mbali na zahanati. Tena kila mwezi wairudishe kwenye kompyuta nyingine, waone kama inafunguka.

"Nakala ambayo hujawahi kuifungua, usiihesabu," alisema.

Khamala alifanya hivyo kila siku jioni. Mwezi wa Agosti stima ilikatika ghafla, kumbukumbu zikaharibika tena. Akarudisha nakala ya jana yake. Ilifunguka. Zilizopotea ni kumbukumbu za wagonjwa wa asubuhi hiyo tu, na wengi walikuwa bado wamekaa kwenye benchi nje. Nthenya akawaandika upya.

Watoto wa zamani anawaandika mmoja mmoja, wanapoletwa. Wengi wamehama. Kabiru yuko mzima, anaishi nyumba ya tatu kutoka hapo. Akiugua, Shosho Wangeci huupita mlango wa zahanati bila kuingia, akampeleka kwingine.