Samaki Mbichi wa Westlands

"Hiyo sili," Bram Sifuna akasema, akisukuma sahani pembeni kwa kidole kimoja.

Samaki alikuwa mbichi kabisa, amekatwa vipande vyembamba na kupangwa juu ya barafu. Ametua kwa ndege asubuhi hii kutoka Mombasa, weita alijigamba. Ndiyo sifa ya ule mkahawa wa Wajapani pale Westlands. Msichana aliyeketi mbele yake, Wangu, ndiye aliyeuchagua. Alitaka mahali pasipo na mtu wa kanisani kwao, kwa sababu alikuwa na neno zito la kumwambia mchumba wake, na harusi ilikuwa imebaki wiki tano.

"Jana ulisema utajaribu kila kitu," akamwambia.

"Waniletee aliyepikwa. Tumbo yangu haitaki mbichi."

"Tumbo hiyo hiyo inakula mutura ya kando ya barabara kila jioni?"

Sifuna alikuwa na duka la kuchapisha kadi River Road, na mutura, yale matumbo ya kuchoma yaliyojazwa nyama na damu, ndiyo iliyokuwa chakula chake. Akacheka kidogo, kicheko kikafia mdomoni.

"Mambo ya daktari tu. Alisema niache samaki mbichi, mayai hayajaiva, maziwa haijachemshwa."

Wangu akaweka vijiti chini. Jumanne, sista wa kliniki alimsomea maneno hayo hayo, baada ya kumwambia kwamba damu yake ina virusi. Tangu siku hiyo alikuwa akimlaani Jeremy, mpenzi wake wa zamani, na kutafuta namna ya kumwomba Sifuna msamaha.

"Daktari alikwambia hayo lini, Bram?"

"Zamani."

"Zamani lini?"

Sifuna akatazama mlango. "Mwaka wa 2002. Kabla tujuane."

"Unakunywa dawa?"

"Naziweka kazini, nyuma ya mashine."

Miaka miwili ya mapenzi, na hakuwahi kuona hata kidonge kimoja.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeenda."

"Pengine ningeenda. Pengine ningebaki. Hiyo ilikuwa yangu kuamua." Kisha akakumbuka. "Pastor aliitisha karatasi za kupimwa. Ya kwangu nilikuwa bado. Yako ulimpelekea mwezi jana, ikasema uko sawa."

Sifuna akainamisha kichwa.

"Niliichapisha mwenyewe."

Weita akaleta samaki wa kukaanga, akauliza kama kila kitu kiko sawa. Wangu akajibu kwamba kiko sawa. Weita hakuwa na kosa.

"Nilikuja hapa kukuomba msamaha," akasema weita alipoondoka. "Siku nne sijalala, nikifikiri mimi ndiye nimekuua. Niko nayo, Bram. Na niko na mimba yako."

Sifuna akanyoosha mkono. Wangu akauondoa wake mezani, akachukua mkoba, akatoka.

Alitembea kwa miguu mpaka kwake Kileleshwa. Njiani ujumbe ukaingia: *Wangu tafadhali, tuoane tu. Sasa tuko sawa wote, hakuna wa kumkimbia mwenzake.*

Akausoma mara mbili, akiwa amesimama kando ya barabara. Aliyejibiwa ni pastor: *Hakuna harusi. Nitakueleza mwenyewe.*

Mama yake alilia wiki nzima. "Na hali hiyo, utaolewa na nani mwingine?"

"Sitaolewa basi, mama."

Akaanza dawa, akajifungua msichana, akamwita Kui. Mwaka mmoja na nusu aliishi akihesabu kila kikohozi cha mtoto, mpaka siku sista alipomwita ndani na kumwonyesha majibu ya mwisho.

Akiwa bado kwenye benchi la kliniki, akamwandikia Sifuna: *Kui amepimwa. Hana.*

Simu ikaita papo hapo. Mwanzoni hakusikia neno, alisikia mtu mzima akilia na mashine zikinguruma nyuma yake.

"Naweza kumwona?" Sifuna akauliza mwishowe.

"Njoo Jumamosi asubuhi. Ni mtoto wako."

"Na wewe, Wangu?"

Sauti hiyo bado aliitamani kila jioni, na alijichukia kwa kuitamani.

"Mimi utanikuta mlangoni nikikupatia mtoto," akasema. "Ndani hutaingia."