Maji Yaliyohesabiwa Mara Mbili

Gracien alikutana na Ariane pale mtaa wa Nyawera, asubuhi ya mvua, wote wawili wakigombania pikipiki moja. Gracien shati jeupe, kompyuta ameikumbatia ndani ya mfuko wa plastiki. Ariane kikwembe cha manjano, amekikunja hadi magotini kukwepa matope, viatu mkononi.

"Tonton, hii pikipiki ni yangu. Miye niliita wa kwanza."

"Tonton? Niko mujomba wako? Niko na miaka makumi mbili na tisa, maman!"

"Basi panda nyuma yangu, mutoto. Unaenda wapi?"

Kumbe walikuwa wanaenda ofisi moja! Wote wameajiriwa kuchora daraja la waenda kwa miguu, juu ya mto unaofurika kila msimu wa mvua. Tangu siku ile, jamani, ofisi nzima ilijua wanapendana kabla wao wenyewe hawajajua.

Kazi zao zilishikana. Ariane alikadiria mto ukijaa unasukuma nguzo kwa nguvu gani. Gracien aliuchukua msukumo huo, akauweka juu ya nguzo alizochora kwenye programu yake, aone kama zitasimama. Siku Ariane alipotuma faili, alimpigia Gracien simu.

"Chéri, sikiya muzuri. Presha ya maji yenye nimekutumia iko kamili. Uzito wa maji yenye imetulia, nguvu ya maji yenye inakimbia, yote iko ndani. Usiongeze kitu."

"Sauti yako leo iko tamu, bébé. Ulikunywa asali?"

"Gracien! Umesikia chenye nimesema?"

"Nimesikia. Umesema unanipenda."

Gracien akacheka peke yake mpaka simu ikakatika. Hakuandika hata neno moja.

Wiki iliyofuata, mbele ya mkurugenzi, Papa Adalbert, na wajumbe wa mtaa, nguzo zilitokea ukutani, kupitia projekta, nyekundu tupu, maana yake zinavunjika.

"Ingénieur, juu ya nini zinavunjika?" Papa Adalbert akauliza.

Gracien akaangalia ukutani. Angesema tu, "Bado sijajua." Maneno mawili, na yalimshinda, mwanaume mzima!

"Chiffres, namba za maji, zilitoka kwa Ariane," akasema. "Naona alizidisha maji."

Ariane, aliyekuwa palepale, akafunga daftari lake. Jioni ile akaambiwa asirudi kazini. Alimpigia Gracien akiwa njiani.

"Uliangalia kwako kwanza?"

"Niliangalia, chérie."

Uongo. Hakuwa ameangalia chochote. Familia ya Gracien ilikuwa imeshapanga tarehe ya kwenda Kavumu kujitambulisha kwa baba yake Ariane, Muzee Zagabe. Tarehe ikafutwa, na Ariane akaacha kupokea simu.

Wiki tatu baadaye, saa nne asubuhi, Gracien alikuwa anafuta faili za zamani alipofungua orodha ya mizigo, yaani nguvu zote alizoweka juu ya nguzo. Mistari miwili. Wa kwanza, presha ya Ariane. Wa pili, uzito wa maji, aliouongeza kwa mkono wake. Maji yaleyale ameyahesabu mara mbili! Akafuta mstari wa pili, akaanzisha hesabu upya. Nguzo zikawa kijani kutoka juu hadi chini.

Simu ile ya Ariane ikamrudia neno kwa neno. Alikuwa ameambiwa. Ameambiwa vizuri, na mtu anayempenda, na yeye anachekacheka. Hakuna aliyemwona, angeweza kufunga kompyuta aende kula. Hakuifunga. Akamtumia Ariane ujumbe mmoja: kosa ni langu. Simu ikaita papo hapo.

"Juu ya nini unaniambia miye?" Ariane akasema. "Miye nilijua tangu ile siku. Ambia bale watu benye uliambia kosa ni langu. Na baba yangu pia."

Akawaambia. Katika chumba kilekile cha mkutano, akafungua mistari miwili ukutani kila mtu aione. Papa Adalbert akaisoma yote miwili. Alichukua simu kumwita Ariane arudi.

Jumamosi Gracien akapanda gari la Kavumu. Muzee Zagabe alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Wiki tatu sikumusalimia mutoto wangu," mzee akasema. "Nilimuambia, vile walimufukuza kazi, amenipatisha haya mbele ya parokia nzima. Alisema hakukosea. Miye nikamuita muongo."

Akainuka, akaenda jikoni. Gracien alimsikia akimwomba binti yake msamaha kwa Mashi, lugha ya kwao, mzee wa watu, huku analia. Hakujua pa kuuweka uso wake. Alidhani ameharibu kazi na uchumba tu. Hakujua kwamba ameharibu hata kati ya baba na binti.

Ariane akatoka, mikono ina unga wa muhogo.

"Aksanti kwa kukuja," akasema.

"Ariane, bado unanipenda?"

"Ninakupenda. Njo maana inaniuma hivi."

"Basi niruhusu nilete wazazi wangu. Tarehe yoyote yenye unataka. Tafazali."

"Hapana, Gracien." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiwiko. "Siwezi kuolewa na mutu mwenye nitakuwa naogopa kila siku, kama akikosea atanitupia miye."

Gracien akasimama. Akaaga.

Jumatatu Ariane alikuwa ofisini, mezani kwake, mapema. "Bonjour, ingénieur," akamwambia, kama anavyomsalimia kila mtu, na Gracien akaitika akiangalia viatu vyake.