Mshono Uliolalia Kushoto

Rafiki yangu mmoja, fundi wa kuchomelea, hakuwa na mashine nyingine ila ile ya marehemu kaka yake. Kaka alitumia mkono wa kushoto, mishono yake ikalalia huko, na mafundi waliitambua kama mwandiko.

Mchana mmoja mashine ilizidi moto, ikawa inatoboa kila bati. Alipunguza umeme, akapunguza kasi ya waya wa kuchomelea, akasafisha feni. Wapi!

“Kaka, niachie na mimi nile,” alinung'unika.

Alipochomoa plagi, kofia ya kuchomelea ilimshukia usoni. Nyuma ya kile kioo cheusi akasikia waya ukitambaa, kisha mlio wa kukaanga.

Akaiinua kofia. Plagi ilikuwa bado mkononi mwake. Mezani, bati lilikuwa limeshonwa, jekundu bado, mshono umelalia kushoto.