Nani Aliangusha Pangaboi la Upepo?

Waliotoka kuswali Ijumaa ile ndio waliomkuta Moza. Alikuwa amelala uani, nyumbani kwa Mzee Sheikhan, Kariakoo, cherehani yake imempindukia miguuni na mkono wake wa kulia umebanwa na mlingoti wa chuma. Ubavuni mwake lilikuwa pangaboi lenyewe, kama wapangaji walivyouita ule mtambo wa kuvuna upepo uliofungwa juu ya paa ili uwape umeme. Sare za shule alizokuwa akizishona zililowa damu. Alikuwa hai, lakini hakuweza hata kulia.

Inspekta Josepha alipofika, mkosaji alikwisha kupatikana, angalau kwenye vinywa vya watu. Alikuwa Muaz, fundi aliyeufunga mtambo ule. Walimtoa Buguruni, alikokuwa kazini, wakampiga kabla polisi hawajamnyakua. Mdomo ulimvimba, na shati lilibaki kola na mikono.

"Anatufungia vyuma vya kuua vichwani mwetu!" mtu mmoja alipiga kelele.

Simu ya Josepha ikalia. Alikuwa mkuu wake.

"Josepha, hiyo ni ajali. Kusi imevuma kwa nguvu wiki nzima, na fundi hakukaza nati. Andika uzembe, tufunge jalada."

"Mkuu, hata paani sijafika."

"Basi panda, shuka, andika."

Josepha alikata simu. Alizijua hizo panda-shuka-andika. Ndivyo wanyonge wanavyozikwa katika mji huu, wengine wakiwa bado wanapumua.

Akapanda. Nyumba ilikuwa kuukuu, ya ghorofa tatu, mbele yake barabara na nyuma yake ua. Mlango wa kutokea paani ulikuwa wazi. Kufuli lilining'inia kwenye pete yake, zima, halina hata mkwaruzo. Pembeni ya mlango, ukutani, palikuwa na kisanduku cha umeme wa mtambo. Swichi ya breki ilikuwa imeshushwa kwenye neno SIMAMA.

Paani upepo ulimpiga usoni. Akasimama akatazama. Nguo zilizoanikwa kwenye mapaa ya jirani zilipepea zote upande mmoja, kutoka uani kuelekea barabarani. Moshi wa mama ntilie nao ulielekea huko huko. Josepha aligeuka akatazama chini, uani, mahali mlingoti ulipolala.

"Upepo unasukuma kule," alijisemea, "na chuma kimeangukia huku."

Mlingoti ulikuwa umeshikiliwa na waya nne, mbili za upande wa barabara na mbili za upande wa ua. Za uani zilikuwa zimekatika na kuchanika kwa uzito wa kuanguka. Za barabarani hazikukatika. Zilifunguliwa, nati zake zikawekwa pembeni kwa utaratibu kama mtu anavyoweka viatu mlangoni. Na kwenye ukingo wa paa, upande wa uani, saruji ilikuwa na mchubuko mpya ambamo zilinasa nyuzi za kamba ya nailoni ya buluu.

Aliposhuka alilikagua pangaboi. Lilikuwa na mapanga matatu. Moja lilivunjika. Mawili yalikuwa mazima kabisa.

Josepha alimkuta Muaz mahabusu, amekaa sakafuni.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Muaz, breki ya mtambo ina kazi gani?"

"Inasimamisha mapanga. Naifunga nikitaka kupanda kukagua tu. Likizunguka huwezi kulisogelea, litakukata kichwa."

"Leo uliifunga?"

Muaz aliinua uso. "Leo sijakanyaga Kariakoo, afande. Tangu asubuhi nilikuwa juu ya paa la mteja Buguruni. Familia nzima ilikuwa inaniangalia. Kwani breki imefungwa?"

"Ufunguo wa paani anao nani?"

"Mmoja ninao mimi. Wa pili unatundikwa sebuleni kwa Mzee Sheikhan."

Buguruni walithibitisha. Muaz alikuwa juu ya paa lao mpaka alipofuatwa na watu wenye hasira. Josepha alimpigia mkuu wake, akajibiwa kwamba mtu anaweza kulegeza nati leo na chuma kikaanguka kesho. Muaz alibaki ndani. Kufikia jioni uvumi ulishaenea kwamba mapangaboi yote ya upepo mjini yatashushwa, na wateja wake walikuwa wakimpigia simu mkewe, Rawan, wakimtukana.

Kesho yake Josepha aliingia dukani kwa Gaudens, chini ya nyumba ile ile. Gaudens, ambaye mtaa mzima ulimwita Mangi, aliuza jenereta. Tangu pangaboi lianze kuzunguka, wapangaji hawakuzitaka tena, na kila mtu alijua jinsi alivyolichukia.

"Mangi, habari za biashara?"

"Mbaya, afande. Na najua kilichokuleta. Nililichukia lile dude, sikatai. Kutwa linavuma kama nyuki. Jana ndiyo nilipumzika, maana lilinyamaza tangu asubuhi. Nikasema, ahaa, limeharibika!"

"Tangu asubuhi? Una hakika?"

"Afande, mtu anakosaje kusikia adui yake amenyamaza?"

"Wakati wa swala ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Nilikuwa namwonyesha mteja jenereta, tumeiwasha. Muulize, ni mwenye saluni ya pale mkabala."

Josepha alimuuliza. Mwenye saluni alikumbuka vizuri, kwa sababu kishindo kilipolia alidhani ni jenereta imelipuka, akakimbilia barabarani na Gaudens nyuma yake.

Alipotoka saluni, Gaudens alimsimamisha.

"Afande, kuna jambo. Damu haijakauka, tayari tumeambiwa tuhame. Nyumba si salama, paa limepasuka, kufikia Jumatatu tuwe nje. Mimi nina miaka humu. Mzee Sheikhan hajawahi kututamkia neno la kuhama hata siku moja."

"Nani kawaambia?"

"Mwanawe. Muhannad."

Muhannad alimpokea Josepha sebuleni kwa baba yake, kwa heshima zote. Mzee Sheikhan alikuwa kitini, magoti yamemfunga, hata ngazi ya kwenda chini alisaidiwa. Alijibu shikamoo ya Josepha kwa sauti ndogo, kisha akageuza macho kwenye ufunguo uliotundikwa msumarini.

"Tumesikitika mno, afande," Muhannad alisema. "Yule fundi nilimwonya. Mashine gani ile! Jana naelekea msikitini, nimeipita inazunguka kama imepagawa, paa zima linatetemeka. Nikasema moyoni, hii leo itaua."

"Ulipokuwa unaelekea msikitini ilikuwa inazunguka?"

"Kwa macho yangu haya."

Josepha aliandika. Muhannad alimmiminia kahawa, na hapo Josepha akaona kwamba birika alilishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika kaa la moto.

"Mikono imekuwaje?"

"Chai tu. Nimemwagikiwa."

Viganja vyote viwili vilikuwa na mchubuko mmoja mwekundu, ulionyooka kutoka upande hadi upande. Josepha hakuwahi kuona chai inayochora mstari.

Jumapili asubuhi alikwenda hospitali. Madaktari walikuwa wamemwondolea Moza vidole viwili, na hawakuwa na ahadi yoyote juu ya vilivyobaki. Moza aliongea macho yakiwa darini.

"Dada Moza, pole. Wengine wote walikuwa wamefunga milango, wameenda kuswali au kula. Wewe ulikuwa unafanya nini uani?"

"Umeme, afande. Ule wa mtaani ulikatika usiku, nikasema si kitu, pangaboi lipo. Asubuhi nikakuta na lenyewe halileti kitu, na betri zetu chakavu hazikufika mbali. Chumba changu kina giza kama kaburi. Sare zilitakiwa Jumatatu. Nikatoa cherehani ya zamani, ile ya miguu, nikaenda nayo uani kwenye mwanga."

Josepha aliandika: aliyefunga breki asubuhi ndiye aliyempeleka Moza uani. Hasira ilimpanda taratibu.

Jumatatu wapangaji walikuwa wanatoa vyombo. Magodoro yalijaa uani, juu ya doa ambalo hakuna aliyethubutu kulikanyaga. Muhannad alisimama kwenye ngazi akiwahimiza. Mzee Sheikhan alikuwa ameteremshwa, amekalishwa kwenye kiti kivulini. Josepha aliingia na askari wawili, na katikati yao alikuwepo Muaz.

"Rudisheni magodoro ndani," Josepha alisema. "Nyumba hii haina ubovu. Ubovu uko kwa mtu."

"Afande, fundi wako huyo—"

"Fundi alikuwa Buguruni. Na wewe, Muhannad, uliniambia Ijumaa ulilipita pangaboi linazunguka kama limepagawa. Mangi anasema lilinyamaza tangu asubuhi. Moza anasema umeme wake ulikufa tangu asubuhi. Breki nimeikuta imefungwa. Na mapanga mawili ni mazima. Kama lingeanguka likizunguka, yote matatu yangesagika. Kwa nini uone kitu kinazunguka ilhali kimesimama?"

"Labda nilichanganya siku."

"Sawa. Kusi inasukuma kuelekea barabarani. Kama upepo ndio ulioliangusha, lingeangukia barabarani, kwenye watu. Limeangukia huku, likiukabili upepo. Chuma hakitembei chenyewe dhidi ya upepo. Kuna aliyefungua waya za upande wa barabara, akaizungusha kamba ya buluu kwenye mlingoti, akavuta kuelekea ukingoni mpaka kamba ikamchuna viganja. Na lazima awe alikuwa juu ya paa dakika ile ile, siyo jana yake. Nionyeshe viganja."

Muhannad alivificha nyuma. Lilikuwa jibu tosha.

"Sababu uliitangaza mwenyewe," Josepha aliendelea. "Nimeuliza madalali wa mtaa: kuna mtu anakitaka kiwanja hiki ajenge jengo refu. Anakitaka kitupu. Baba yako aligoma kuwafukuza wapangaji. Ukaona nyumba ikionekana ya hatari, watahama wenyewe, na lawama abebe fundi. Hukutaka kuliangushia barabarani, maana huko ungeua wengi na kesi ingekuwa kubwa. Uani saa ya swala huwa hakuna mtu."

"Sikukusudia!" Muhannad alipasuka. "Nilitaka kitu kianguke tu! Sikujua kama yupo mtu! Baba, waambie, mimi si mtu wa kumdhuru mtu!"

Watu wote walimgeukia Mzee Sheikhan. Mzee aliushika mkongojo wake, akajaribu kusimama, akashindwa, akasema akiwa amekaa.

"Ufunguo wa paani haukuwa msumarini Ijumaa. Niliuona umerudi baada ya swala. Nimekaa siku tatu nikiomba iwe macho yangu ya uzee." Akamgeukia mwanawe. "Hawa ni wapangaji wangu, Muhannad. Mama yako alipofariki, hawa ndio waliopika. Mchukueni, afande. Na mahakamani nitakuja, hata kama ni kwa kubebwa."

Askari walimfunga Muhannad pingu. Muaz alimpita bila kumtupia jicho, akainua ncha ya godoro lililokuwa karibu alirudishe ndani. Waliompiga Ijumaa walikuwepo. Mmoja akashika ncha ya pili, kichwa chini. Hakuna aliyeomba radhi, na Josepha aliwatazama mmoja mmoja mpaka macho yakawashinda.

Jioni alirudi hospitali, akamsimulia Moza yote, hata lile la breki: kwamba mkono uliomzimia taa ndio huo huo uliovuta kamba.

Moza alisikiliza hadi mwisho.

"Anasema hakujua kama kuna mtu?"

"Ndiyo maneno yake."

"Hata kuchungulia hakuchungulia?"

"Anasema hakuona haja. Aliamini ua ni mtupu."

Moza aligeuza shingo juu ya mto, kwa mara ya kwanza akamtazama Josepha machoni.

"Cherehani ile ya miguu ina mkanda mbovu, afande. Inapiga kelele mpaka paani. Wanaoanika nguo kwenye mapaa ya jirani hunitania kila nikiitumia. Na pangaboi lilikuwa limenyamaza. Sikuacha kushona hata kidogo, mpaka chuma kiliponipiga."

Josepha alifungua daftari lake.

"Kanzu yake ya harusi nilishona mimi," Moza alisema. "Kwa mashine ile ile, kwa mkono huu. Alikuwa anakaa pembeni yangu anasubiri. Sauti yake anaijua." Akainua bandeji kidogo, akaiweka tena juu ya shuka. "Usiandike kwamba hakujua. Andika kwamba alinisikia, akavuta."

Josepha alitoa kalamu, na akaandika hivyo hivyo, neno kwa neno.