Siku Jina la Ngohengo Lilipotajwa

Kila asubuhi Kandida aliteka maji katika mto Lumemo, akamsaidia mama yake, Digna, kuwasha moto, kisha akaenda shule ya misheni. Ulikuwa mwaka 1913. Nchi ilikuwa bado chini ya Wajerumani, na misheni ya Ifakara ilikuwa changa.

Siku hiyo hapakuwa na masomo. Kesho yake ilikuwa Siku ya Marehemu Wote, kwa hiyo Mwalimu Theodori, katekista, aliwapeleka wanafunzi makaburini kung'oa majani. Kandida alipalilia pamoja na rafiki yake Aurelia, aliyekuwa akisafisha kaburi la babu yake.

"Kaburi la baba yako liko wapi?" Aurelia aliuliza.

Kandida aliinama. Baba yake, Ngohengo, aliuawa Mahenge katika vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, na mwili wake haukurudi. Watu waliogopa kuvitaja vita hivyo, maana askari wa Wajerumani walikuwa kila mahali.

"Baba hajafa," alijibu. "Anafanya kazi pwani."

Aurelia alifurahi, akaenda kumweleza mwalimu habari hiyo.

Kesho yake watu walijaa makaburini. Mwalimu Theodori alitaja majina ya marehemu, na kila jina watu waliliitikia, "Apumzike kwa amani." Digna alisimama mbele akisubiri jina la mumewe, kwa kuwa alikwisha kumpa mwalimu jina hilo. Majina yakaisha. Ngohengo hakutajwa.

"Mwalimu, umemsahau mume wangu," Digna alisema taratibu.

"Sikumsahau, mama. Niliambiwa yu hai, yuko pwani."

"Nani kasema hivyo?"

Karibu na njia alisimama askari mwenye bunduki. Hata hivyo, Kandida alijipenyeza mpaka mbele.

"Ni mimi, mwalimu. Nilidanganya kwa sababu niliogopa. Baba yangu ni Ngohengo. Alikufa Mahenge, katika vita vya Maji Maji. Hana kaburi."

Mwalimu alimtazama yule askari, kisha akamtazama Kandida.

"Ngohengo," alisema kwa sauti ya wazi.

"Apumzike kwa amani," watu waliitikia, kwa nguvu kuliko mwanzo. Mzee mmoja akamtaja ndugu yake aliyekufa vitani. Mwanamke mmoja akawataja wanawe wawili. Yule askari akavua kofia, akatazama chini. Digna alimshika binti yake mkono, akasimama wima.

Jioni, bibi yake Kandida, mama mzazi wa Ngohengo, alimwaga pombe na unga mlangoni, akimwita mwanawe kama mila ilivyotaka. Jirani yao Mfaume, mvuvi Mwislamu, alikuja kuwapa pole.

"Sisi huzuru makaburi mwezi wa Shabani, tukawasomea dua wazee wetu," alisema. "Leo nimewasikia nanyi mkiwaombea wenu. Vizuri sana."

"Shikamoo, bibi," Kandida alisema kwa woga. "Nisamehe. Nilimkana baba."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekwisha kukusamehe." Bibi alimketisha karibu naye. "Kanisani wana siku yao, Waislamu wana yao, nasi tuna yetu. Lakini siku hizo zote hazina faida tukiwaonea aibu wafu wetu. Anayewaheshimu husema kweli juu yao, hata akiogopa. Mwanangu hakurudi kutoka Mahenge. Leo wewe umemrudisha nyumbani."