Tundu Lisiloganda

Hita ya bwawa iliungua baridi kali ya 2015 ilipoanza, lakini tundu katika barafu halikuganda.

Mutware ndiye aliyeliona kwanza, asubuhi, akirudi kutoka zamu ya ghala. Nyumba ile ya mbao, mtaa wa West Side mjini Buffalo, yeye na mkewe waliipanga pamoja na bwawa dogo uani na samaki wekundu wa mwenye nyumba. Sharti lilikuwa moja: baridi ikija, barafu isifunike bwawa lote, maana samaki wanalala chini na wanahitaji hewa. Hita inayoelea ingelinda tundu. Jirani yao Bulonza, Mushi wa Bukavu, mtu wa kabila jirani na lao, alicheka hadi akashika mbavu. Wanyamulenge, wafuga ng'ombe wa milimani, watu wasioonja samaki, leo ndio wanaowawashia moto!

Sasa hita ilikuwa imetupwa chini ya ngazi, waya wake mweusi, na theluji uani ilifika magotini. Barafu ilikuwa nene kiasi cha kubeba mtu. Katikati yake, tundu la duara lilikuwa wazi, likitoa mvuke. Mutware aliinama akanusa matope ya mto na matete mabichi, katika mji ambao kila kitu kilikuwa kimeganda. Akaingia ndani kulala. Mtu aliyetoka zamu anataka kitanda, hataki maswali.

Jioni ikaingia, na jioni ya huko huingia mapema kama mgeni mwenye njaa. Isaro, binti yao wa miaka sita, alikuwa akichora mezani. Ghafla aliinua kichwa.

"Karame!" aliitika.

Ndivyo mtoto wa Kinyamulenge anavyolelewa: mzazi akiita, unaitika karame mara moja na miguu inafuata. Isaro alishuka kitini akaelekea mlango wa nyuma, bila viatu.

"Unaenda wapi?" Mama yake, Mukabutera, alikuwa hapo hapo jikoni.

"You called me, Mama. Kule inje."

"Miye niko hapa. Sikukuita."

Mtoto alimtazama mama, akautazama mlango. "Ilikuwa voice yako."

Mutware alisimama, akachungulia dirishani mvuke wa bwawa. "Leo nafunga ile tundu, Mama Isaro. Naweka mbao, na mawe juu."

"Apana!" Mukabutera alimshika mkono. "Ukifunga, mtoto atapumua wapi?"

"Mtoto gani?"

Mama alishusha sauti. "Minamusikia, Papa Teta. Eko na baridi. Kila mangaribi minamupa maziwa kidogo."

Papa Teta! Miaka mingi jina hilo halikutajwa katika nyumba yao. Teta alikuwa mtoto wao wa kwanza, bado ananyonya, aliyechomoka mgongoni mwa mama yake walipovuka mto Ruzizi wakikimbia vita kwenda Burundi. Mukabutera aliita mle majini mpaka sauti ikamkauka. Mwili haukuonekana. Kaburi hakuna. Mutware alitaka kukasirika akashindwa, kwa kuwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye pia alikuwa mzazi. Walilia pamoja pale jikoni. Mbao hazikuwekwa siku hiyo, na hapo ndipo walipokosea.

Kesho yake giza lilipoanza kushuka wote watatu waliisikia, sauti ya Mukabutera mwenyewe, ile ile ya mtoni, imekauka na kupasuka, ila sasa haikuita Teta bali Isaro, Isaro, Isaro, na kabla mkono wa mama haujaufikia mdomo wa mtoto, mtoto alikwisha itika karame, amefungua kitasa, anakimbia peku juu ya theluji kuelekea pale palipofuka mvuke, na Mutware akamrukia na kumkamata sweta mguu mmoja ukiwa umezama hadi pajani, akavuta, na kitu kule chini nacho kikavuta, taratibu, bila haraka yoyote, mpaka kikaachia. Mguu ulitoka ukichuruzika maziwa. Yalikuwa ya vuguvugu.

Wakampigia simu Tantine Béatrice, yaani shangazi, dada mkubwa wa Mutware, aliyekuwa akiishi mji wa Columbus. Mama huyu kazi yake ni kuogesha wazee, na anajulikana kwa maombi hata kule mji wa Louisville. Alifika kwa basi, akaketi, akauliza kwa sauti ndogo.

"Teta alikuwa anajua kusema?"

"Bado, Tantine. Alikuwa ananyonya," Mukabutera alijibu.

"Na Isaro, alimuonaka?"

"Isaro alizaliwa kisha, kule Burundi."

"Bon. Sasa nani kule chini anajua jina ya Isaro?"

Mukabutera alimvuta Isaro kifuani.

"Ulikuwa unalisha mugeni, mwanangu," Béatrice alinong'ona. "Naye akajifunza sauti yako."

Kwao, matanga yakiisha wafiwa hunawa pamoja. Kwa Teta hawakunawa kamwe. Basi walisimama ukingoni mwa bwawa na bakuli la maji, na Mukabutera akatakiwa kusema maneno aliyoyakwepa miaka yote. Kutoka tunduni sauti yake mwenyewe iliita, "Teta! Teta!" Aliziba masikio, akayazibua.

"Teta wangu alikufa," alisema. "Wewe si mwanangu. Toka."

Akanawa. Mutware akanawa. Béatrice aliomba kwa jina la Yesu, na barafu ikalia, ikajikunja, tundu likafumba. Harufu ya matete ikakatika. Samaki wangekufa na mwenye nyumba angelalamika. Alalamike tu.

Béatrice aliacha agizo moja: Isaro asiitike tena. Akiitwa, aje kimya, auone uso kwanza. Mukabutera aliumia, kwani mtoto asiyeitika ni aibu ya mama yake, lakini alikubali. Usingizi ukarudi nyumbani.

Jumamosi moja, theluji ikiwa bado imelala uani, Mukabutera alikuwa akikaanga ndizi.

"Isaro!" aliita.

Mtoto akatokea mlangoni, midomo imefumbwa, akautazama uso wa mama yake kama alivyoagizwa. Mama akatabasamu.

Na kutoka uani, chini ya barafu, sauti ya Isaro ikaitika:

"Karame!"