Panya wa Chini ya Kitanda

Kila alasiri Balqees alipotoka shule, dada wa kazi, Restituta, alimpakulia wali, kisha Balqees na mdogo wake Loai wakatoka kucheza nyuma ya nyumba yao, mtaa wa Ansab. Mwaka ule mvua ilinyesha na bonde la wadi, ule mto mkavu, likaota nyasi. Humo Balqees alimkamata panya mdogo wa porini, wa rangi ya mchanga, akamficha ndani ya boksi la viatu chini ya kitanda. Bibi yao Wadha, aliyewalea, alishakataza mnyama yeyote kuingizwa ndani.

Kesho yake panya akamng'ata Loai kidole.

"Ukisema, Bibi atamuua," Balqees alimwonya. Loai, mtoto wa miaka mitano, akaahidi kunyamaza.

Baada ya siku tano Loai akashikwa na homa kali, viungo vikamuuma hata kusimama akashindwa. Bibi alifukiza ubani, akamnywesha kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwa zafarani. Homa haikushuka. Ndipo akakumbuka kwamba Restituta, mfanyakazi wao kutoka Bukoba, alimsifu Loai kwa kunenepa bila ya kusema mashallah.

"Mtoto katiwa jicho la husuda," alisema Bibi. "Nnataka uondoke leo."

"Bibi, kwetu tunasifu hivyo hivyo tu. Sikumtakia mabaya," Restituta alijibu, akaenda kukunja nguo zake huku analia.

Balqees alisikia yote. Alichungulia boksi: panya amekufa. Sasa hakubaki wa kulindwa ila yeye mwenyewe, na bado akanyamaza. Tusimtetee, alikuwa na miaka kumi na miwili, umri wa kujua jema na baya.

Asubuhi Bibi na Balqees walimpeleka Loai hospitali.

"Ameumwa na mnyama yeyote?" daktari aliuliza.

Loai, midomo imemkauka, akatikisa kichwa kukataa. Alikuwa bado anatunza ahadi yake. Balqees hakuweza kuvumilia.

"Panya alimng'ata. Nilimleta mimi."

Daktari alimchoma Loai sindano ya dawa iliyofaa. "Homa hii inatokana na kung'atwa na panya. Mngechelewa kidogo, tungempoteza," alisema.

Loai alipopona, Bibi na Balqees walikwenda kumwomba Restituta radhi. Aliwasamehe, lakini hakukubali kurudi. Alishapata kazi mji wa Sib.

Ndani ya gari, wakirudi nyumbani, Bibi alimgeukia Balqees.

"Mimi nimemdhulumu mtu," alisema, "na wewe ukanitazama. Siku nyengine ukiona mtu anaadhibiwa kwa kosa lako, usingoje kuulizwa."

Siku hiyo Balqees aliwapakulia Bibi na Loai wali yeye mwenyewe.